Watu wa nyota na jirani yetu: kinaya katika michezo ya zamani ya televizio

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana pasipo jambo hilo tusingalishika kalamu.

Jumapili moja alasiri, katika parokia moja ya ukingo wa ziwa, kusini ya Uvira, tuliwaita vijana waje kutazama filimu katika chumba cha mikutano. Tulikuwa watatu: padri mmoja, fratri mmoja aliyekuwa katika mwaka wake wa staji, na katekista mzee aliyeazima mashini ya umeme kwa mwenye duka. Filimu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya watu wanaosafiri katikati ya nyota, nayo ilisema Kifaransa. Fratri alisimama karibu na ukuta akiifasiri kwa Kiswahili polepole. Ndani yake wamo watu wawili wanaochukiana hata kufa. Mmoja ana nusu ya uso nyeusi na nusu nyeupe. Mwenziwe vile vile ana nusu nyeusi na nusu nyeupe. Nahodha wa chombo haelewi: mbona munafanana? Basi yule wa kwanza anaushangaa ujinga wa nahodha. Je, huoni kwamba mimi ni mweusi upande wa kuume, na huyu ni mweusi upande wa kushoto?

Vijana walicheka sana, wengine hata machozi yakawatoka. Sisi tulitazamana kwa furaha, tukidhani kwamba mbegu imeanguka penye udongo mzuri. Lakini walipotoka nje, tulimsikia mlangoni kijana mmoja akimwambia rafiki yake: "Ni kweli kabisa, ndivyo walivyo wale watu wa milimani." Na hatua kumi mbele, kijana mwingine, ambaye jamaa zake ni hao hao wa milimani, alikuwa akisema: "Umeona? Ndivyo wanavyotutazama hawa watu wa ziwani." Wote walikuwa wamecheka pamoja, na hapana hata mmoja aliyejicheka mwenyewe.

Tangu siku ile twajiuliza: kinaya hiki chatoka wapi, kina nguvu gani, na nguvu hiyo yaishia wapi?

Kinaya ni nini

Wafaransa husema ironie. Si uongo, wala si mzaha mtupu. Mwongo ataka usiujue ukweli. Mwenye kinaya ataka uujue, bali anakuachia kazi ya kuufikia kwa miguu yako mwenyewe. Mama akimwona mwanawe anarudi nyumbani usiku wa manane, akamwambia, "Karibu, mzee, leo umewahi," mtoto hana haja ya kamusi. Nasi Wakongo twaijua sana ile "ibara ya 15". Tangu miaka ya 1960 watu husema kwamba katika Katiba kuna ibara ya 15, ambayo hapana aliyeiona imeandikwa, yenye kuamuru kila mtu ajitafutie. Mwenye kuitaja hakutukana serikali. Ametaja sheria tu! Na kila asikiaye ameelewa kwamba watu wameachwa na serikali yao.

Kwa hiyo kinaya chataka watu watatu: asemaye, asikiaye na kuelewa, na yule asiyejua kwamba anasemwa yeye. Mara nyingi huyo wa tatu ndiye mwenye nguvu. Tena kinaya cha kweli chamwelekea mwenye nguvu. Kikigeuzwa na kuelekezwa kwa maskini, kwa kiwete, kwa mgeni asiyejua lugha, hapo jina lake ni dhihaka, nasi hatuna neno la kukitetea.

Mfano bora tunao katika Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Nabii Natani anakwenda kwake, lakini hamsemi. Anamsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo, aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu ya kifo. Ndipo Natani anamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye mfalme. Twaomba wasomaji wazishike hatua hizi mbili. Kwanza hadithi inayomfanya mwenye kosa ahukumu kwa moyo mnyofu, kwa kuwa hajui kama anajihukumu. Kisha kidole.

Mtungaji aliyekatazwa kusema

Sasa twende Marekani, miaka ya 1950, ili tuone namna gani watu wa nyota walivyoingia katika kazi hiyo ya Natani.

Rod Serling alizaliwa mwaka wa 1924 katika jimbo la New York, katika jamaa ya Kiyahudi. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa askari wa miavuli huko Ufilipino. Baada ya vita alitunga michezo ya televizio, akapata sifa kubwa. Lakini televizio ya Marekani ya siku zile ililipwa na makompanyi, na kompanyi lililolipia mchezo lilipata nafasi ya kusoma maandishi kabla, na kufuta lisilolipendeza. Hapakuwa na polisi wala waziri wa habari. Ilitosha bwana mmoja wa biashara aogope kwamba wanunuzi wake watachukizwa.

Mwezi wa Agosti 1955 Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda kuwazuru jamaa zake katika jimbo la Mississippi, aliuawa kwa ukatili na watu weupe. Wawili walipelekwa mahakamani, na baraza la waamuzi, weupe watupu, likawaachilia. Miezi michache baadaye walikiri katika gazeti kwamba ndio waliomwua. Serling alitaka kuandika juu ya mji unaowaficha wauaji wake. Mchezo wake, Noon on Doomsday, ulionyeshwa mwaka wa 1956, lakini ulikuwa umechunwa ngozi. Aliyeuawa hakuwa tena mtu mweusi. Alifanywa mgeni tu. Habari haikuwa tena ya kusini. Ilihamishwa hata pembe ya kaskazini mashariki ya nchi. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, kwa kuwa kinywaji kile asili yake ni kusini, na watu wa kusini wangaliweza kuona kwamba wamesemwa. Mwaka wa 1958 alijaribu tena: mara hii aliyeuawa alikuwa Mmeksiko, na mambo yakarudishwa nyuma hata karne ya 19.

Wala si yeye peke yake. Mwaka wa 1959 mchezo wa mtungaji mwingine, Abby Mann, ulionyesha hukumu ya Nuremberg, yaani hukumu ya mahakimu waliomtumikia Hitler. Waliolipia kipindi kile walikuwa chama cha wauza gesi. Basi palipotajwa gesi iliyowaua Wayahudi, neno lile lilizimwa sauti, ili mama wa nyumbani asilichukie jiko lake. Hapo twaona kinaya ambacho hapana mtungaji aliyekitunga.

Serling alikuwa amekwisha kuandika, juu ya mchezo wake mwingine wenye habari za maseneta, kwamba ungalikuwa mchezo mzuri zaidi kama angaliuweka katika mwaka wa 2057 na kuweka mashini zenye umbo la watu mahali pa maseneta. Alisema hivyo kwa uchungu, na uchungu ule ukawa shauri. Mwezi wa Oktoba 1959 ukaanza mfululizo wake, The Twilight Zone, ambao Wafaransa wauita La Quatrième Dimension. Alipoulizwa kabla katika mahojiano kama atasema tena juu ya mambo makali, alijibu kwamba amechoka kupigana na wenye fedha. Kwa maneno hayo walitulia. Hata mwaka wa 1964 vilitoka vipande 156, naye mwenyewe aliandika 92. Wenye makompanyi waliona vyombo vya angani na vizuka, wakafikiri ni hadithi za kuwafurahisha watoto.

Njia ya miti ya mipo, na njia yetu

Kipande tunachokipenda kuliko vyote kilionyeshwa tarehe 4 Machi 1960, karibu miezi minne kabla ya uhuru wetu. Jina lake ni The Monsters Are Due on Maple Street. Maple ni jina la mti, Wafaransa wauita érable, na katika fasiri yetu tuliuita mti wa mipo. Ni njia moja yenye nyumba nzuri, watu wanafua magari yao, mwuza barafu anapita. Kitu chenye mwanga na kishindo kinapita angani. Umeme unakatika, telefone zinanyamaza, magari hayawaki. Mtoto mmoja, msomaji wa hadithi, anasema kwamba watu wa nyota hutanguliza wajumbe wao, jamaa moja yenye sura ya watu kama sisi. Wakubwa wanacheka. Kisha gari la jirani mmoja linawaka lenyewe, na kicheko kinaisha. Mbona gari lake? Mbona usiku huonekana nje akitazama juu? Mtu anayetoka gizani anapigwa risasi, nao wanakuta ni jirani aliyekuwa amekwenda tu kuchunguza njia ya pili. Taa za mwenye bunduki zinawaka. Basi sasa mchawi ni yeye. Naye, ili ajiokoe, anamwonyesha kidole yule mtoto.

Mwishoni twaona, juu ya kilima, watu wawili wa nyota kando ya chombo chao. Hawakufanya neno ila kuzima na kuwasha mashini chache. Yaliyobaki wenye njia waliyafanya wenyewe.

Wamarekani walioona kipande hicho walikumbuka Seneta Joseph McCarthy, ambaye miaka michache kabla alikuwa akiwashitaki watu kuwa wakomunisti wa siri, hata Baraza lenyewe lilipomkemea mwaka wa 1954. Lakini katekista yeyote wa Uvira, wa Fizi au wa bonde la Rusizi aweza kukisoma kipande hicho bila kumjua McCarthy. Umeme ukikatika kwetu hapana anayeshangaa, hilo ni kweli. Bali radi ikianguka juu ya nyumba, twauliza nani aliyeituma. Mtoto akifa ghafula, mtu anaanza kuhesabu nani alipita uani jana yake. Na mashitaka yaenda wapi? Kwa mjane mzee asiye na mwana wa kumtetea, kwa mtu aliyehamia, kwa mtu mwenye bati jipya juu ya nyumba yake. Wengine kati ya wasomaji wetu wamesimama mlangoni usiku, na msalaba shingoni, wakizuia mawe. Hao hatuna la kuwafundisha juu ya Maple Street.

Jina la kitabu

Kipande cha pili, cha tarehe 2 Machi 1962, chaitwa To Serve Man, nacho kilitokana na hadithi fupi ya Damon Knight ya mwaka wa 1950. Watu wa nyota, warefu sana, wanashuka kwa amani. Wanatufundisha kuotesha chakula kisichoisha, wanamaliza vita. Wameacha kitabu katika lugha yao, na wataalamu wanafaulu kusoma jina lake tu: kumtumikia mtu. Basi dunia yatulia, watu wanajipanga foleni kwenda kuitembelea nchi ya wafadhili wao. Katika dakika ya mwisho, msaidizi wa mtaalamu, aliyeendelea kusoma kurasa za ndani, anakuja mbio akipiga kelele: ni kitabu cha mapishi.

Neno la Kiingereza, sawa na servir la Kifaransa, lina njia mbili. Katika Kiswahili twaweza kulikaribia hivi: walidhani ni kitabu cha kumwandalia mtu, kumbe ni cha kumwandaa mtu.

Mmarekani alitetemeka akazima televizio akalala. Sisi hatuhitaji kwenda katika nyota kwa kulielewa. Mwezi wa Septemba 1876 mfalme Leopold II aliwaita mabwana wa jiografia Bruxelles, na pale ukazaliwa ushirika wa kimataifa wa Afrika, wenye maneno mazuri juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Kituo chake cha kwanza kilijengwa Karema, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa hili hili letu, mwaka wa 1879. Mwaka wa 1885 nchi ikapewa jina État Indépendant du Congo, nchi huru, ambayo hapana Mkongo aliyetawala ndani yake. Kurasa za ndani zilikuwa za mpira, mateka na mikono iliyokatwa, hata mwaka wa 1908 mfalme alipoiachia Ubelgiji. Wala tusijifiche sisi wa Eklezya. Karema ilikabidhiwa Mapadri Weupe mwaka ule ule wa 1885, na katika misioni za Kongo wako wengi waliotosheka muda mrefu na jina la kitabu. Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti, ndiye mmoja aliyefungua kurasa na kuandika wazi, mwaka wa 1906.

Tuseme pia kwamba njia hii ya mapishi ni ya kale. Jonathan Swift, mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Patrisi mjini Dublin, alitoa mwaka wa 1729 shauri, bila kutabasamu, kwamba maskini wa Irlandi wawauzie matajiri watoto wao waliwe. Alihesabu hata faida. Maskini wale, wengi wao Wakatoliki, walikuwa wameliwa tayari na kodi za mashamba.

Uhura, na mawingu ya Kinshasa

Msomaji ataweza kusema: haya yatuhusu nini, maana katika siku zile Uvira hatukuwa na televizio? Ni kweli. Televizio ya Taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966. Mwaka ule ule, tarehe 8 Septemba, Wamarekani walianza kuona Star Trek ya Gene Roddenberry, iliyoendelea kwa vipande 79 hata mwaka wa 1969. Katika chombo kile, kati ya maofisa, aliketi mwanamke mweusi mwenye kazi ya mawasiliano. Jina lake Uhura, nalo limetolewa katika neno letu uhuru. Katika kipande kimoja cha mwaka wa 1967 mashini moja inaifuta akili yake yote. Na wanapomfundisha upya kusoma Kiingereza, ulimi wake unarudi kwenye Kiswahili. Mwenye kucheza nafasi ile, Nichelle Nichols, aliyekufa mwaka wa 2022, alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi, na Pasta Martin Luther King akamsihi abaki, kwa sababu hapo watu weusi walionekana kama watu sawa na wengine. Kinaya chake ni cha kimya: mwanamke yule hakuwa na haja ya kuhubiri juu ya usawa, alijibu simu za nyota tu, na nje ya chombo, katika miji ya Marekani, wenzake walikuwa wakipigwa kwa ajili ya haki zao.

Kwetu nako ilikuwako televizio ya angani. Katika miaka ya Zaire, habari za jioni zilifunguliwa na uso wa Rais Mobutu ukishuka kutoka mawinguni kama wa kimbingu. Wenye kuitengeneza sura ile hawakuwa na kinaya hata chembe, walitaka iaminiwe. Ni utawala ule ule uliokataza majina ya ubatizo mwaka wa 1972, mwaka ambao Kardinali Malula alilazimika kukaa miezi nje ya nchi. Kule Marekani walitunga sayari za uongo kwa kusema kweli. Hapa walitumia mbingu halisi kwa kusema uongo. Wazee wetu husimulia kwamba mbele ya watu walipiga makofi, na nyumbani, mlango ukiisha kufungwa, walicheka.

Siku hizi watungaji wa Afrika wameishika kazi hii wenyewe, katika sinema kuliko katika televizio. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa mwaka wa 2009 filimu ya dakika kama ishirini, Pumzi: baada ya vita vya maji, watu wanaishi wamefungiwa ndani, jasho lao na mkojo wao vinasafishwa vinywewe tena, na ndoto zinazimwa kwa dawa. Atakayeitazama Uvira asicheke haraka. Twakaa kando ya ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na kolera huturudia kwa sababu maji safi ya bomba hayatoshi. Neptune Frost ya mwaka wa 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, yaweka habari zake Burundi, nchi ile ambayo taa zake twaziona usiku ngambo ya ziwa, kati ya wachimbaji wa coltan. Ndani yake husikika Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Si yote ndani yake tunayoyakubali, tena ni ngumu kufuata. Lakini aliyechimba jiwe la telefone asiyeweza kununua telefone, huyo twamjua.

Mbona vijana wetu hawakujiona

Turudi kwa wale wawili wenye nyuso za nusu na nusu. Kipande kile cha Star Trek kilionyeshwa tarehe 10 Januari 1969, miezi tisa baada ya King kuuawa. Bele anamfukuza Lokai tangu miaka 50,000. Bele asema: huyu ni mwasi na mwuaji. Lokai asema: watu wangu walikuwa watumwa wa watu wako. Mwishoni wanafika katika sayari yao, Cheron, nao wanakuta hapana aliye hai, wamemalizana wote; na hata hapo wawili hao wanashuka ili waendelee kupigana. Wako wanaokilaumu kipande hiki kwamba fumbo lake liko wazi mno, hata mtoto alielewa. Sisi tumeona kinyume. Lilikuwa wazi kama mchana, na halikumgusa mtu.

Twafikiri sababu ni hii. Kile kilichomficha Serling machoni pa wenye makompanyi kilimficha pia msikilizaji machoni pake mwenyewe. Mtungaji alipata ulinzi, na mwenye kosa naye akapata ulinzi ule ule. Sauti ya Serling mwenyewe ilisikika karibu mwishoni mwa kila kipande, ikitoa maneno machache ya maelezo.  Lakini aliwaambia wote, na neno la wote kila mtu amwachia jirani yake. Natani hakusema kwamba wako wafalme wanaotenda hivyo. Alikuwa na mfalme mmoja mbele yake, tena mfalme mwenye upanga.

Kwa hiyo hatua ya pili ni ya hatari, na hapana filimu iwezayo kuifanya badala yetu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alisema wazi katika siku za vita, naye akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hatusemi kwamba kila fratri atafute kifo. Twasema tu kwamba mwenye kuwasha mashini ya filimu na kwenda kulala amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Mwezi uliofuata tuliwaita tena vijana wale wale, kwa filimu ile ile. Tuliisimamisha katikati, pale Bele na Lokai wanaposhitakiana mbele ya nahodha, tukawaomba vijana watoe hukumu: nani mwenye haki? Walibishana kwa moto. Wengine walimtetea Lokai kwa ajili ya utumwa wa watu wake, wengine Bele kwa ajili ya waliouawa. Fratri alikuwa amekwisha kufungua daftari lake la maelezo, kurasa nne. Katekista mzee akasimama, akasema: "Bwana Padri, niruhusu neno moja."

Akawageukia vijana. "Wanangu, hapa kwetu kuna Makobola, na ngambo ya mpaka kuna Gatumba." Wote walijua. Makobola, ambapo mamia ya raia, wengi wao Wabembe, waliuawa mwishoni mwa mwaka wa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Gatumba, ambapo usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 waliuawa kambini wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliotoka upande wetu. Kila jamaa ina kaburi lake inalolijua na kuliombea. "Ninyi munaolilia Makobola," akasema mzee, "nani kati yenu amekwisha kufika Gatumba kuombea wafu? Na ninyi munaolilia Gatumba, nani amefika Makobola? Mimi mwenyewe ni katekista tangu ujana wangu, nami nimefika kumoja tu."

Akakaa. Hapana aliyejibu. Fratri alifunga daftari lake. Nje mashini ya umeme ilikuwa ingali inalia, na mtu hakukumbuka kwenda kuizima. Mwishowe binti mmoja wa nyuma akauliza nauli ya kufika Gatumba ni franka ngapi.